Sanduku Lenye Bega Langu

Mutua, fundi mkubwa wa banda langu, amenisumbua mwezi mzima niwaandikie vile kazi ilikuwa, ati nisiende nayo. Nimemwambia siendi mahali, na hiyo ndio imeleta maneno yote. Hakucheka. Basi hii ni yenu vijana wa banda, nyinyi mko na randa mkononi sasa. Shule niliachia darasa la sita, mimi na mwalimu tukiwa tumekubaliana kwa mara ya kwanza. Mkiona mahali maneno yamepinda, pigeni msasa mwendelee.

Nilikuja Nairobi kuchonga twiga. Kwetu Machakos kila mtu alikuwa anachonga, na twiga wangu walikuwa wanatoka kama mbuzi ameshtuliwa. Yule alikuwa anatununulia vinyago alinionea huruma, akanipeleka Eastleigh kwa fundi wa masanduku ya maiti, Mzee Kivuva. Akamwambia, huyu mpatie kitu iko na pembe nne.

Banda la Kivuva lilikuwa nyuma ya lojing, katikati ya Waislamu, watu wanazika na sanda. Alikuwa fundi hodari, lakini mahali pa kuweka biashara Mungu hakumfunulia. Majirani walinunua kwetu milango na vitanda, na walikuwa wanabishania bei wakiwa upande ule mwingine wa barabara, kwa kuogopa masanduku.

Siku ya kwanza sikupewa msumeno. Aliniketisha kwa mlango, akaanza kuniuliza wapita njia. Yule mama? Futi tano na inchi mbili. Yule askari? Futi sita. Nikikosea ananiambia nimemzika akiwa amekunja magoti. Mpaka jioni macho yalikuwa yanauma. Hiyo kitu haijawahi kunitoka. Hata kanisani nikisimama kuimba, najua benchi ya mbele yote ni mbao ngapi.

Somo la pili lilikuwa randa. Kila fundi alikuwa na yake, na hakuna mtu anashika randa ya mwenzake akiwa hai. Fundi akifa, ndio wenzake wanaishika, mara moja, kumtengenezea sanduku lake kwa mkono, bila mashine. Hivyo ndivyo tulimfanyia Kivuva mwenyewe alipofika wakati wake. Mimi ndiye nilishika randa yake, na siwaambii vile ilikuwa.

Somo la tatu lilikuwa mdomo. Kivuva alikuwa anasema mdomo ndio kifaa cha kwanza kuharibu kazi. Mtu amefiwa, usimuulize kitu. Mpe mkono, inamisha kichwa, anza kazi. Kile anataka ujue atakwambia mwenyewe. Akikuja ameshika kitambulisho cha marehemu, jua anaenda kuchukua kibali cha kuzika, na hiyo inatosha. Hiyo nimewafundisha nyinyi wote, na kama mtu alifunga mdomo mapema sana nilimsifu.

Niwaambie kesi moja tu ya zamani, kwa sababu ndiyo ilinikalia kichwani miaka yote. Familia moja ya Makongeni waliambiwa baba yao amekufa wodini. Tukatengeneza sanduku, tukamaliza. Kumbe aliyekufa ni wa kitanda cha pili. Mimi nilitaka tulivunje tutumie mbao. Kivuva akakataa. Alisema sanduku likishatengenezewa mtu, hilo haliuzwi kwa mwingine na halivunjwi, mbao imeshasikia jina. Akalisimamisha kwa ukuta. Yule mzee mwenyewe alitoka hospitali akaja kuliangalia, akicheka, akalipapasa kwa ndani kama mtu anajaribu godoro. Siku ya tisa tangu aliangalie, familia walirudi kulichukua, safari hii amekufa kweli.

Mimi ni mtu wa kanisa. Siamini mambo ya mbao kusikia. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kukalia sanduku, hata la mtoto wa nani.

Miaka ikaenda. Kivuva akaenda, lojing ikavunjwa, nikahamisha banda Njiru, karibu na Kangundo Road, na nyumba yangu ikiwa hatua mia nne na kumi kutoka hapo. Mashine ya kulainisha mbao ikaja. Randa yangu nikaitundika kwa msumari wake, nikawa naitoa siku moja moja tu, ndio isinisahau.

Mwaka jana roho ilianza kubisha. Nikilala kwa upande wa kushoto, nasikia kwa sikio: du, shhh, du, shhh, kama mtu yuko kwa mlango na hataki kusema jina. Nikipanda ngazi mbili nasimama kuvuta pumzi. Mke wangu Syokau alisema niende hospitali, nikamwambia ni uzee. Akasema uzee haubishi mlango. Nilikuwa nakata ubao wa mvule siku moja asubuhi, nikaona sakafu inakuja. Nilianguka juu ya simu yangu nikaivunja vipande. Simu haikuwa na bima, na mimi pia nusu.

Daktari alinionyesha picha. Akasema mlango mmoja wa moyo umekauka, haufunguki vizuri, damu inapita kwa ufa. Nikamuuliza kama hawawezi kuweka grisi. Akasema watauwekea mwingine juu yake, na hawatapasua kifua. Wanatoboa hapa kwa nena, mahali mguu unaungana na mwili, wanapitisha mrija ndani ya mshipa mpaka kwa moyo. Mlango mpya umekunjwa kama mwavuli, ukifika wanaufungua. Nikauliza umetengenezwa na nini. Akasema waya na ngozi laini ya moyo wa ng'ombe. Nikamwambia Syokau kwamba nimeoa mara moja na sasa ng'ombe mmoja wa mahari amenirudia mwilini.

Siku ya oparesheni hawakunilaza usingizi wa kabisa. Walinipa ganzi na dawa ya kutuliza, nikawa nasikia sauti zao kama watu wako chumba kingine. Kuna wakati walifanya moyo ukimbie sana ndio mlango ukae sawa. Hapo niliona giza likija kutoka pembeni, pole pole, kama mtu anateleza kifuniko. Najua kifuniko. Nimefunga vingi. Kisha likarudi nyuma.

Baadaye walinilaza chali, mguu umenyooka, nisiinue hata kichwa kwa saa kadhaa. Mikono nikaiweka juu ya tumbo. Nikajiangalia vile niko, nikaitoa haraka nikaiweka pembeni.

Kitu kiliniogopesha zaidi ni kimya. Kile kitu kilikuwa kinabisha mwaka mzima kilinyamaza. Niligeuza sikio kwa mto, hakuna. Nikangoja. Hakuna. Nikabonyeza kengele, sista akaja, nikamwomba aangalie kama niko.

"Mzee, wafu hawabonyezi kengele," akasema.

"Una hakika? Umewauliza?"

Akaangalia mashine, akaniambia moyo unaenda vizuri kuliko wake. Lakini aliangalia mara mbili, nilimwona.

Siku ya nne waliniruhusu. Nisibebe kitu kizito kuliko jagi ya maji kwa wiki mbili, dawa ya kulainisha damu nisikose hata siku moja, niangalie nena isivimbe wala isitoe damu, na nitembee. Hiyo ya kutembea walirudia sana. Leo mpaka mlangoni, kesho mpaka geti, keshokutwa dukani. Ukikaa, damu inalala kwa miguu.

Nilikaa nyumbani Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Watu wa kanisa walikuja, majirani wakaja na matunda. Watu wa banda hakuna hata mmoja. Miaka yote hiyo, na hata salamu hakuna. Nilianza kumwambia Syokau vile nimelea nyoka. Mama muuza mboga wa kona alipita mbele ya geti, akaniona nimekaa kwa jua, akasimama kabisa. Hakunisalimia. Alifanya ishara ya msalaba akaenda mbio kidogo, na yule si Mkatoliki.

Jumanne nikaamua nitatembea mpaka banda, niwatukane mmoja mmoja. Ilikuwa kama saa nne, jua liko juu. Nilikuwa nahesabu hatua, napumzika kila hamsini. Kwa mia tatu nikaanza kusikia kazi. Mashine ilikuwa imezimwa. Hiyo peke yake ilikuwa ajabu, stima ilikuwa iko. Nilisikia randa ya mkono.

Mtu amezoea kazi hii anajua urefu wa ubao kwa kusikia. Mkono unaenda mpaka mwisho, unanyanyuka, unarudi. Nilisimama hapo barabarani, watu wananipita, nikahesabu ule mwendo mara tano. Futi sita na inchi mbili, kipimo changu mwenyewe. Halafu nikasikia kitu kingine. Mwisho wa kila mwendo kulikuwa na kelele ndogo, tss, kama mtu anafyonza. Ni pengo kwa chuma cha randa, liliingia siku niligonga msumari. Ni randa moja tu Nairobi nzima inafyonza hivyo. Iko kwa msumari wangu, na hakuna mtu anaishika nikiwa hai.

Nitawaambia ukweli, nilijishika kifua. Hakikuwa kinabisha. Nikajiuliza kama yule sista alisoma mashine vizuri.

Niliingia. Mutua alikuwa ameinama, nyinyi wawili mmeshika ubao huku na huku. Sanduku lilikuwa juu ya vigogo, limebaki kifuniko. Mvule mzuri, ule nilikuwa nimeficha chini ya mabati nikingoja mteja wa maana. Na bega la kushoto lilikuwa limepandishwa. Mnajua mimi bega hili liko juu kwa sababu ya kubeba mbao tangu ujana. Hakuna sanduku linatengenezwa hivyo. Nilijiona hapo nimelala, na sikuwa ndani.

Mutua aliinua macho. Randa ikamtoka mkononi.

"Niaje, Mutua," nikasema. "Kifuniko umeacha kinene sana. Nani atainua?"

Mmoja wenu, sitamtaja, alikojoa kidogo. Ilibidi Mutua aje anishike mkono, akaushikilia, akaufinya kama mtu anapima embe, ndio akaketi chini kwa maranda akaanza kulia.

Nikapata habari pole pole. Siku ya oparesheni, binti yangu Mwende alikuja banda. Hospitali walikuwa wanataka kitambulisho changu, na nilikuwa nimekiacha kwa koti lililobaki kwa msumari. Alikuwa hajalala siku mbili, macho mekundu. Alisema tu, nimekuja kuchukua kitambulisho cha baba. Mkampa, mkampa na koti, mkampa mkono mmoja mmoja, mkainamisha vichwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Yeye alifikiri ni heshima ya mgonjwa. Alivyotoka, mkazima mashine. Simu yangu ilikuwa haiingii. Mkakaa mnafanya kazi ya siku mbili kwa wiki nzima, mkingoja familia ije iwaambie siku.

"Mngeuliza tu," nikamwambia Mutua. "Neno moja. Amekufa ama hajakufa?"

Akapangusa pua. "Si ni wewe ulitufundisha tusiulize, fundi."

Nilicheka, na nyinyi mkacheka. Nilisema sasa nimeona heshima yangu ikiwa mbao. Nilirudi nyumbani nikitania kila mtu njiani. Kwa Syokau sikusema kitu. Lakini nilipoketi kwa kiti nilianza kuhesabu siku, na sikuwa nahesabu za daktari.

Hapo ndipo niliharibu kupona kwangu. Kesho yake nilisema goti linauma. Keshokutwa kuna vumbi. Njia ya kutembea ilikuwa moja tu, inapita mbele ya banda, na nilijua lile liko ndani limesimama kwa ukuta, limekamilika, kwa sababu Mutua hawezi kuacha kazi nusu. Nilikuwa nakaa sikio limelala kwa mkono, natafuta ule mlio. Ukibisha naogopa, usipobisha naogopa. Miguu ikaanza kuvimba. Mwende akanipeleka kliniki. Daktari akasikiliza, akapitisha kile chombo cha picha kifuani, akasema mlango uko sawa kabisa, ni kama mpya. Kisha akabonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo likabaki.

"Mzee, sisi tumemaliza kazi yetu," akasema. "Mbona wewe umeacha yako?"

Ilibidi nimwambie Syokau. Nilifikiri atakemea, ama ataita watu wa maombi. Alivaa viatu akaenda banda peke yake. Akarudi baada ya nusu saa.

"Nimeliona," akasema. "Ni zuri kukuliko."

Nikamwambia habari ya mzee wa Makongeni na siku ya tisa. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mboga.

"Kesho ni siku ya ngapi?"

"Ya tisa tangu nilione."

"Basi kesho utaenda ukae hapo mbele yake. Kama ni kukuchukua likuchukue ukiwa umetembea. Mimi siwezi kuwa mjane wa mtu anakaa kwa kiti."

Nikaenda. Sijawahi kutembea hatua mia nne ndefu hivyo. Mutua aliniwekea stuli, mkaendelea na kazi mkijifanya hamnioni. Lilikuwa hapo kwa ukuta, wima, kifuniko kimewekwa, limepigwa vanishi. Mchana joto likipanda, mbao mpya hulia, inakaza. Mnajua hivyo. Mimi pia najua hivyo, nimewafundisha. Lakini likilia, tik, nilikuwa naangalia saa.

Kama saa nane alikuja mama mmoja, wa miaka arobaini hivi, leso imefungwa kiunoni, vumbi mpaka magotini. Alikuwa anazungumza na Mutua haraka. Gari la kumpeleka baba yake Kitui lilikuwa linangoja mochari na ndugu wote ndani. Walikuwa wamenunua sanduku mahali pengine, wamefika kumweka, likawa fupi. Futi nzima. Mochari inafunga saa kumi na moja. Amepita mabanda manne, hakuna la urefu huo. Alisema baba yake alikuwa mtu mrefu, na akarudia, alikuwa mrefu sana, kama mtu anaomba msamaha.

Mutua akamwambia hakuna iliyo tayari. Yule mama macho yakaenda kwa ukuta.

"Na hilo?"

"Hilo liko na mwenyewe."

Hakubisha. Aliketi tu kwa rundo la mbao, akaweka mikono kwa magoti. Nyinyi wote mkaangalia chini.

Vijana, mimi nilikaa hapo kwa stuli nikipiga hesabu ambayo shule haikunifikisha. Kama Kivuva alikuwa na ukweli, nikilitoa, jina langu linaingia chini ya udongo Kitui na mimi ningali napumua, na sijui mtu wa hivyo anaitwa nani. Nikilikatalia, baba wa mtu atasafiri amekunjwa magoti. Yule wa Makongeni alilipapasa akicheka. Mimi sikuwa nacheka tena. Na nikafikiri kitu kimoja: yule mzee kule mochari, mbao haiwezi kumfanyia baya lingine.

Nikasimama.

"Mutua. Litoe."

"Fundi, liko na jina."

"Jina lake nalijua. Litoe. Bega la kushoto mjaze pamba."

Hamkusonga mpaka nilipoenda kushika mwenyewe, ndipo mkaruka, mkikumbuka habari ya jagi ya maji. Mlilishusha, mkajaza pamba, mkabeba. Mimi nilishika mlango tu. Lilipita karibu na kifua changu, nikasikia harufu ya vanishi, na ndani likasema tik, mara moja, likanyamaza.

Yule mama alikuwa nyuma. Akasimama mbele yangu.

"Mzee, lilikuwa la nani?"

Watu wamefiwa hatuwaulizi. Lakini Kivuva hakutuambia la kufanya wao wakituuliza.

"Langu."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini, vile mimi nimetazama watu maisha yote. Kisha bega. Nikaona anaamini.

"Na wewe sasa?"

"Mimi sina haraka, mama. Mzee wako ndiye ana safari."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akakimbilia gari.

Jioni nilirudi nyumbani bila kupumzika hata hamsini moja. Si ushujaa, nilisahau. Syokau alikuwa mlangoni, ameshika kiuno, anaangalia kivuli changu kama kimekuja chote.

"Mbona umechelewa?"

"Tumesindikiza maiti."

"Ya nani?"

Nikafungua mdomo. Ndipo nikaona kwamba sikumuuliza yule mama jina la baba yake. Hakuna hata mmoja wetu aliuliza. Jina moja tu nililijua la hilo sanduku, na kwa saa hiyo lilikuwa limeshapita mji wa Tala, linaenda.

Nikamwambia alete chai.